Sura ya Saba: Esanse ya Mwezi Mkubwa

Karatasi ya mahakama ilikuwa imekunjwa mara nne na kufichwa ndani ya kopo la chumvi, kana kwamba Mama Constance alitumaini chumvi ingeila. Dorothée aliikunjua juu ya goti, akaisoma taratibu, akairudia. Ilikuwa na muhuri wa mahakama ya Fizi. Iliwaita warithi wa marehemu Patrice, mvuvi wa Baraka, kujibu madai ya Alphonse, mwenye duka, juu ya dola mia tatu na arobaini za mkopo wa dukani, ulioandikwa katika kadi, ambao haujalipwa tangu mwaka 1996. Jibu lisipofika kwa maandishi ndani ya siku nane, kiwanja na nyumba vitauzwa.

"Umeipokea lini?"

"Leo siku ya tatu."

"Na zile siku mbili ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naogopa."

Dorothée alitikisa kichwa. Hiyo ilikuwa Mei 1998. Alikuwa na miaka kumi na mmoja katika kazi ya mtetezi wa mahakama, yule anayesimama mbele ya hakimu kwa niaba ya watu wasioweza kulipa wakili wa mjini, na ambaye hulazimika kunusa ukweli kwa pua yake mwenyewe. Tangu vita vipite na watu waanze kurudi kutoka ng'ambo ya ziwa, karatasi nazo zilikuwa zimeanza kurudi. Kila wiki alizikuta: za viwanja, za ng'ombe, za mahari. Hii ilikuwa ya kadi.

Mbele ya nyumba palikuwa na chumba cha matofali mabichi ambacho Constance alimpangisha fundi cherehani. Nyuma, baada ya migomba miwili, palikuwa na kaburi la Patrice, mume wake, limezungushiwa mawe meupe ya ziwani. Watoto watatu walikuwa shuleni.

"Mama Dorothée, soma tarehe," alisema Constance. "Pale chini."

Karani wa mahakama alikuwa amenakili siku za mikopo mikubwa na fedha zake, bila kutaja bidhaa. Ishirini na nne Septemba. Ishirini na sita. Ishirini na nane.

"Ile wiki ilikuwa mwezi mukubwa," Constance alisema. "Muvuvi gani anakopa mafuta na mwezi mukubwa?"

Dorothée hakuhitaji kuelezwa zaidi. Ndagala, dagaa wa ziwa hili, hufuata taa. Mwezi ukijaa, samaki hutawanyika katika mwanga wake na taa ya mvuvi inakuwa haina kazi. Kwa hiyo wiki moja kila mwezi mitumbwi ya pwani nzima huvutwa mchangani, wanaume hulala nyumbani, nao wakunga wa Baraka huhesabu mimba za wake wa wavuvi kuanzia wiki hiyo.

"Alphonse ni mutu wa duka," Constance aliendelea. "Anajua bei ya taa, hajui siku ya kuiwasha. Ameandika uongo, na uongo wake hauna mwezi."

"Patrice alikuwa hapa usiku zile tatu?"

"Alikuwa hapa. Alilala hapa."

Alisema hivyo akiitazama sufuria. Dorothée aliandika jibu katika daftari lake, na chini yake akaandika neno moja: sufuria.

*

Katibu wa parokia hakutupa kalenda za zamani. Nyuma yake ni peupe, na karatasi ni ghali. Alipekua rundo, akatoa ya 1996 iliyoliwa na mende pembeni. Ilionyesha miezi mipevu kwa viduara. Septemba, kiduara kilikuwa juu ya tarehe ishirini na saba. Constance hakukosea: siku zote tatu zilikuwa ndani ya wiki ya mwezi mkubwa. Kando ya kiduara mtu alikuwa ametia msalaba mdogo kwa penseli.

"Hapa kulikuwa maziko?"

"Sijui, mama. Huo ni mukono wa katekista wa zamani. Alikimbia, hakurudi."

Dorothée aliinakili ile tarehe, na msalaba pia, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kunakili hata asichokielewa. Kisha akateremka hadi dukani kwa Alphonse.

Rafu zilikuwa nusu tupu. Alphonse alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Hakumkaribisha kiti, lakini hakumfukuza.

"Najua umetumwa na Constance," alisema. "Umwambie mi simuchukie. Vita ilikamata yote hapa, hata mizani. Na mi niko na deni Uvira, kwa bantu wenye hawajui kungoja."

"Kadi ilipona vipi?"

"Sanduku ya kadi niliizika. Mutu anazika dhahabu, mi nilizika kadi."

Aliitoa. Ilikuwa kipande cha boksi la sigara kilichokatwa kwa mkasi: tarehe, bidhaa, fedha, na mbele ya kila mstari alama ya dole gumba la mkopaji. Baraka nzima ilizijua kadi hizo. Deni likiisha kulipwa, Alphonse alikuwa akikata pembe moja ya kadi na kumrudishia mwenyewe, naye aliipeleka nyumbani na kuichoma katika jiko la mke wake, ili nyumba yote ishuhudie kwamba deni limekufa. Kadi ya Patrice ilikuwa na pembe zote nne.

"Papa Alphonse, tarehe hizi ni za mwezi mukubwa."

"Najua."

"Unajua?"

"Baba yangu alivua miaka makumi tatu. Unadhani mi nilizaliwa katika hii duka? Nilimuuliza Patrice siku ile ile, nikasema, rafiki, unaenda kuvua mwezi wenyewe? Akacheka tu. Ndiyo sababu nakumbuka."

Dorothée alitoa mkobani mwake vitu viwili: kioo cha kukuza maandishi, na kibali cha mtumbwi ambacho Constance alimkabidhi asubuhi ile, chenye dole gumba la Patrice alilolipiga mbele ya mtoza kodi mwaka 1994. Katika dole lile palikuwa na mstari mweupe unaopita kutoka kushoto juu hadi kulia chini, kovu la mshipi wa nyavu. Aliweka kioo juu ya kadi. Ishirini na nne Septemba: mstari ulikuwapo. Ishirini na sita: ulikuwapo. Ishirini na nane: wino ulikuwa hafifu, lakini mstari ulikuwapo.

Ilikuwa imeisha hivyo, hoja ya kughushi. Alikaribia kufunga daftari alipoanza kusoma safu ya bidhaa, ile ambayo karani hakuinakili.

Katika wiki za kawaida Patrice alikopa kitu kilekile: bidoni moja ya esanse, dumu la petroli kwa moteri ya mtumbwi, bidoni mbili za mafuta ya taa. Katika siku zile tatu mafuta ya taa hayakuwapo kabisa. Kila siku aliondoka na bidoni nne za esanse. Na tarehe ishirini na sita kulikuwa na nyongeza: maziwa ya unga, makopo sita.

"Alikuambia ni ya nini?"

"Mutu akikuja kukopa," alisema Alphonse, "unamuuliza kama atalipa. Haumuulize anaenda wapi."

*

Constance alikuwa anamenya mihogo. Dorothée aliketi karibu naye juu ya kinu kilichopinduliwa, akangoja mpaka muhogo uliokuwa mkononi uishe.

"Kadi ni ya kweli, mama. Dole ni lake."

Kisu kilisimama.

"Uliniambia alilala hapa. Kila niliposema usiku zile, ulikuwa unaangalia sufuria."

"Sasa niangalie wapi?" Constance alijibu. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Ameandika nini? Amekopa nini?"

"Esanse. Na makopo sita ya maziwa ya unga."

Constance alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni. "Maziwa ya unga. Mudogo wetu alikuwa na miaka sita. Basi alikuwa na mutoto kwake."

"Kwa nani?"

"Kwa ule mwanamuke." Aliweka kisu chini. "Ile wiki banaume yote balikuwa nyumbani. Wangu alitoka na jua linazama, akarudi na jua liko juu, analala muchana kama maiti. Nikamuuliza. Akasema, usiniulize. Bamama kwenye maji bakaanza kunicheka: wa kwako anavua nini na mwezi? Anavua mwanamuke kule Mboko. Nikamunyima chakula. Nikamunyima na mudomo. Mwisho wa mwezi wa kumi askari bale ba Mobutu balikuwa banakimbia, bakataka moteri yake, akakataa, bakamupiga risasi pale muchangani. Alikufa hatusemezani. Mi nilimulilia na hasira iko katika tumbo, Mama Dorothée. Mpaka leo sijajua nililia nini."

Dorothée alifungua daftari. Aliuliza swali lililokuwa na faida.

"Kwenda Mboko na kurudi, moteri yake ilikuwa inakunywa bidoni ngapi?"

"Mbili. Hata haziishi."

"Na bidoni nne?"

Constance alikuwa mke wa mvuvi kwa miaka kumi na minne. Alihesabu bila vidole.

"Ng'ambo," alisema. "Kwenda na kurudi." Kisha akaokota kisu chake. "Basi ule mwanamuke alikuwa wa ng'ambo."

"Nani alikuwa anashika moteri pamoja naye?"

"Willy. Siku hizi iko Mboko. Tangu vita hajakanyaga hapa, hata kwa kaburi."

*

Willy alikuwa anashona wavu chini ya kibanda cha makuti, miguu ameinyoosha juani. Mtu mnene, mcheshi, aliyemtania Dorothée juu ya viatu vyake vya vumbi na kumwuliza kama mahakama siku hizi inalipa kwa kilomita. Utani uliisha lilipotajwa jina la Patrice.

"Sikumbuki mwaka ile."

"Septemba, mwezi mukubwa. Mulitoka mara tatu."

"Hakuna mutu anatoka na mwezi mukubwa. Uliza mutoto yeyote."

"Bidoni nne za esanse kila safari. Hakuna mafuta ya taa. Makopo sita ya maziwa." Dorothée alimwekea daftari magotini. "Mulikuwa munabeba batoto, Willy. Nataka kujua batoto ba nani."

Willy alitazama barabara, kushoto na kulia. Mwanamke mmoja alikuwa anapita na beseni la dagaa wabichi. Alingoja mpaka apite.

"Funga hiyo kitabu kwanza."

Dorothée alikifunga.

"Bale bachungaji ba ng'ombe ba milimani," alisema Willy. "Ile mwezi balikuwa banawindwa, unajua. Bantu benye jana tulikuwa tunauziana nao. Kulikuwa mumoja anaitwa Kayitare, mwenye ng'ombe. Constance alipozaa ule wa mwisho, akawa mugonjwa, matiti yakakauka. Kayitare alileta maziwa kila asubuhi, miezi mine, na hakupokea kitu. Patrice hakusahau. Akasikia bamejificha katika mashamba ya muhogo, hapa nyuma, bamama, babibi, batoto benye kunyonya. Akaniambia, Willy, niko na deni ya maziwa."

"Juu ya nini mulichagua mwezi mukubwa? Munaonekana mbali."

"Munaonekana na nani? Usiku ya giza wavuvi yote iko juu ya maji na taa, ziwa inakuwa soko. Mwezi ukijaa hakuna hata mumoja. Ni Patrice alifikiri hivyo, si mi. Tulikuwa tunabaweka chini, tunabafunika na nyavu. Tuliwavusha arobaini na mumoja, upande wa Burundi."

"Nani atanionyesha kwamba ni tarehe zile?"

Willy alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Mara ya pili tulikuwa katikati, karibu na asubuhi. Mwezi ukaanza kufa. Kidogo kidogo, mpaka ukawa kama kaa la moto lenye linazimika. Giza. Bamama bakaanza kuomba, bibi mumoja akasema ni mwisho wa dunia. Patrice akasema hapana, Mungu amezima taa ili tupite."

Dorothée alifungua daftari tena. Ishirini na saba Septemba, kiduara, na kando yake msalaba mdogo wa penseli. Katekista aliamka alfajiri kugonga kengele, akauona mwezi ukipatwa, akautilia alama.

"Juu ya nini hakumwambia mke wake?"

"Kaka ya Constance alikuwa kati ya bale benye balikuwa banawinda," Willy alisema. "Ungemwambia?"

"Utakuja kusema haya Fizi, mbele ya hakimu?"

"Ukinileta, nitaapa sikujui wewe wala Patrice. Hapa bado bananiuliza nilikuwa upande gani, Mama. Wewe unarudi Baraka. Mi nalala hapa."

Dorothée alipokuwa akiondoka, Willy alimwita.

"Kati ya bale arobaini na mumoja, sijaona hata mumoja tena. Kama unaandika, usiandike jina yangu. Lakini umwambie Constance hakukuwa mwanamuke. Nilipaswa kumwambia mi. Niliogopa kaka yake, kaka akafa. Halafu nikaogopa uso wake yeye mwenyewe."

*

Siku ya sita, saa nne asubuhi, Dorothée alisimulia yote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ileile anayosomea hukumu. Constance alisikiliza ameinamisha kichwa. Aliposikia jina la Kayitare aliinua kichwa.

"Ule wa maziwa?"

"Ndiye."

"Mara ya pili, yenye mwezi ulikufa, ilikuwa tarehe gani katika kadi?"

"Ishirini na sita. Walitoka jioni ile, mwezi ukapatwa alfajiri."

Constance aliangalia pembe ya chumba, mahali palipokuwa na mkeka uliokunjwa.

"Kaka yangu alilala pale usiku ile," alisema. "Walikuja wane, na mapanga. Akaniuliza, shemeji iko wapi na mwezi huu? Nikamwambia ameenda kwa malaya wake. Akacheka. Wenzake bakacheka. Akasema, basi tumuache mwanaume." Aliutazama tena ule mkeka. "Kama ningejua, Mama Dorothée, angesoma katika uso yangu. Alikuwa ananijua."

Nje, cherehani ya fundi ilikimbia kidogo, ikasimama, ikakimbia tena. Dorothée alitoa karatasi mbili nyeupe, akaziweka juu ya meza, moja kando ya nyingine.

"Lazima nikueleze kazi yangu sasa. Kuna majibu mawili. La kwanza: tunakataa. Tunasema ilikuwa mwezi mukubwa, Patrice alikuwa nyumbani, na wewe unaapa. Hakimu amekulia kando ya ziwa. Atamucheka Alphonse kabla sijaketi. Dole gumba, hakuna mutu Fizi wa kulipima. Willy hatakuja. Utabaki na kiwanja."

"Na la pili?"

"Tunakubali deni."

"Wewe ungeandika lipi?"

"Mimi sina watoto watatu katika nyumba hii."

Constance aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akasimama akitazama nyuma ya nyumba, kwenye migomba na mawe meupe.

"Niende mbele ya hakimu," alisema akiwa bado amegeuza mgongo, "niweke mukono juu ya Biblia, niseme usiku ile alikuwa amelala. Wakati alikuwa katikati ya maji na batoto ba bantu chini ya nyavu." Aligeuka. "Nilimunyima chakula akiwa hai. Siwezi kumunyima na ile usiku."

"Watauza kiwanja, mama."

"Bauze mbele. Chumba ya fundi, na hii nyumba. Waniachie nyuma, kuanzia migomba. Nitajenga kibanda pale, na batoto. Muombe Alphonse hivyo. Ye si mubaya, anaogopa tu kama sisi."

"Atakubali, nadhani. Ana haraka ya fedha kuliko ya ardhi."

"Na deni ikiisha, nataka kadi."

"Atairudisha, amekata pembe. Ndiyo desturi."

"Nataka asikate. Na mi sitaichoma. Jiko yangu ilimunyima mwezi ile yote. Haitakula na kidole chake."

Dorothée aliirudisha karatasi moja mkobani. Juu ya ile nyingine aliandika kichwa cha barua, jina la mahakama, namba ya kesi, jina la mjane. Aliandika kwamba warithi wanaikubali kadi na madole yaliyomo. Aliandika ombi la migomba na kaburi. Kisha akainua kalamu.

"Hakimu atauliza sababu. Kila mutu anajua mwezi mukubwa hakuna kazi. Niandike alikuwa wapi?"

"Hapana. Willy iko hai." Constance alivuta kiti, akaketi mkabala naye, viganja vyote viwili juu ya meza. Kwa mwaka mmoja na nusu neno hili lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Sasa alilitoa taratibu, akimpa mtetezi wake muda wa kuandika kila silabi. "Andika hivi. Usiku wa tarehe ishirini na sita Septemba, bwana yangu hakulala nyumbani."